Paa la Makuti na Ada ya Mwaka Mzima

Nianze na jambo ambalo hapa mtaani ukilisema utaambiwa umehongwa: kwa hesabu ya karatasi, hapa Kenya mtu wa mshahara mdogo anakatwa kidogo na SHA, bima mpya ya afya ya serikali, kuliko alivyokuwa akikatwa na NHIF, bima iliyokuwapo kabla yake. Mchukue mlinzi anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Zamani alikatwa 750. Sasa anakatwa asilimia 2.75, yaani 550. Walioumia ni wa juu. Mwenye mshahara wa laki moja alikuwa akitoa 1,700, sasa anatoa 2,750. Mwenye nusu milioni naye alikuwa akitoa hiyo hiyo 1,700 sawasawa na wa laki, na sasa anakatwa 13,750. Ukiniuliza mimi, hapo wamefanya la haki. Waliopiga kelele zaidi redioni na mitandaoni mwaka 2024 ulipokuwa ukiisha ni hao wenye mishahara minono, na siwalaumu, kila mtu hulilia chake. Lakini kelele zao zilifunika kilio cha watu wengine kabisa, ambao mshahara hawaujui.

Hao ndio wengi. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako katika sekta ya jua kali: mama mboga, vijana wa bodaboda na tuktuk, mafundi, wavuvi, wachuuzi, vibarua wa mjengo. Nao pia kwenye karatasi wamepunguziwa. NHIF walikuwa wakilipa 500 kwa mwezi, ambayo ni 6,000 kwa mwaka. SHA kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, au 3,600 kwa mwaka. Mwanasiasa akisimama jukwaani akasema bima imekuwa nafuu, hadanganyi. Ila kuna mambo mawili hayataji. La kwanza, hiyo 3,600 ni sakafu tu. Kiasi chako hasa hukijui mpaka upimwe uwezo wako. La pili, ukishapimwa, unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa mkupuo.

Mimi nina kiduka Kisauni, Mombasa. Ni M-Pesa upande mmoja, saiba ya intaneti upande wa pili, na fotokopi katikati. Tangu SHA ianze tarehe 1 Oktoba 2024, sehemu ya kazi yangu imekuwa kusajili watu. Wengine wangeweza kubonyeza *147# wenyewe, lakini hawaiamini simu inapowauliza maswali mengi, wanataka mtu wa kumuuliza "hapa nijibu nini?" Kwa hiyo huu mjadala wa bima siusikii kwenye televisheni pekee. Nausikia umekaa kwenye stuli mbele yangu, kitambulisho mkononi.

Kusajiliwa kwenyewe hakuna shida. Shida huja kwenye ile tathmini ya uwezo. Mfumo hauwezi kujua muuza samaki anapata ngapi, maana hata yeye mwenyewe hajui. Leo kusi limevuma hakuna bahari, kesho samaki aina ya changu wamejaa. Kwa hiyo unamuuliza kuhusu nyumba. Kuta za nini, paa la nini, sakafu ya nini. Maji mnatoa wapi, choo cha aina gani, mnapikia nini, mnalala wangapi, mna mifugo? Kutokana na majibu, fomula inakadiria kipato na kukata asilimia 2.75 yake.

Siku moja nilikuwa na mama mmoja anayekaanga mahamri na kuuza na mbaazi asubuhi. Nikamuuliza maswali, naye akawa ananijibu kama mtu anayehojiwa na wakwe. Kuta? "Za mawe, mwanangu." Paa? "Mabati, tena tumebadilisha mwaka juzi." Sakafu? "Saruji, tumepiga rangi nyekundu." Umeme? "Upo." Mpwa wake aliyekuwa amesimama mlangoni akawa anamkonyeza, mwisho akashindwa: "Shangazi, sema udongo!" Mama akamgeukia: "Udongo nyumba ya babangu?"

Hapo ndipo utaona kwamba aliyeitunga fomula ile hajawahi kuishi Mombasa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kuta za mawe na ukumbi katikati, sana sana ni ya urithi. Yule mama ana chumba kimoja. Vingine vina ndugu zake, mjane wa kakake, na kimoja kimepangishwa ili kipatikane cha umeme. Halafu huku kwetu kuna kitu wa bara hukiona cha ajabu: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja unamlipa kodi ya ardhi, akiamka vibaya anaweza kukuhamisha. Kwa fomula, wewe ni mwenye nyumba ya mawe. Kwa benki, wewe huna chochote cha kuweka rehani. Na makuti je? Makuti ni paa la maskini wa Ganze na ni paa la hoteli za kitalii Diani ambazo usiku mmoja ni mahamri ya miezi. Ninajua hoteli hazisajiliwi SHA, msinipigie simu. Nasema tu kwamba paa halizungumzi kuhusu mfuko wa aliye chini yake kama watu wa Nairobi wanavyodhani.

Kiasi kikatoka. Sitakitaja kwa sababu ni chake, lakini kilikuwa juu ya ile 3,600 ya kwenye mabango. Akaniuliza kama ni kwa mwezi. Nikamwambia ni kwa mwaka. Akapumua, akaanza kugawanya kwa vidole ni kiasi gani kila mwezi, akaona anaweza. Nikamwambia la, mama, zinalipwa zote pamoja. Akanitazama.

"Mwanangu, mimi hata unga wa ngano sijawahi kununua gunia zima."

Kwa ufupi, mjadala wote uko pale. Biashara za huku chini zinaendeshwa kwa kadogo. Mafuta ya kupikia yanapimwa ya shilingi ishirini, sukari ya kupima, sabuni ya kukatwa kipande, hata data za simu watu hununua za saa moja. Watu hao hawakosi akili ya kujua kwamba gunia ni rahisi kuliko pakiti. Wanakosa bei ya gunia siku moja.

Sasa, serikali nayo ina hoja, na si hoja ya kuchezea. Bima ya kulipa kila mwezi kwa hiari inaliwa na ujanja wetu sisi wenyewe. Nimeuona kwa macho enzi za NHIF. Mke akifika miezi saba, bwana anakuja mbio kulipa 500 zake. Mtoto akizaliwa salama, humwoni tena mpaka mimba nyingine. Kila mtu akifanya hivyo, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, na mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. NHIF yenyewe mwaka 2020 ilijaribu kuziba tundu hilo kwa kuwataka wanachama wapya wa hiari wasubiri siku 90 na walipe mwaka mzima. Kwa hiyo ada ya mwaka hatukuletewa na SHA. Ni dawa ya zamani ya ugonjwa wa kweli.

Lakini tazama vizuri nani anapewa dawa hiyo. Mwenye mshahara anakatwa mwezi kwa mwezi. Hakuna aliyemwambia lete ya miezi 12 Januari ndipo utibiwe. Daktari, mwalimu, mbunge, wote wanalipa kwa awamu 12 na hakuna anayeiita awamu, inaitwa makato. Asiye na mshahara, ambaye kipato chake ndicho chenye kuyumba zaidi, ndiye anayetakiwa kuwa na fungu mkononi. Ukikaa ukafikiri, tumempa mwenye uhakika njia ya wasio na uhakika, na asiye na uhakika tukampa njia ya matajiri. Matokeo ni yale yale ambayo mtu yeyote mwenye kiduka angeyatabiri: waliojisajili walipita milioni 20 mwaka 2025, na kati ya watu wa jua kali, wanaolipa ni wachache mno. Kujisajili ni bure.

Mwaka huo huo ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Jina zuri. Ukiuchungulia, ada ya mwaka inatangulizwa kwa mkopo, nawe unalipa taratibu. Ni afadhali kuliko kukosa. Lakini ni mkopo, na wateja wangu wengi majina yao yanajulikana tayari kwenye mikopo ya simu ya Fuliza na Hustler Fund, wengine wanabadilisha laini kila baada ya miezi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba akope hata kwa ajili ya kuugua kwake kwa mwaka ujao ni kumwongezea mlango wa kugongewa.

Haya yote hayakuanza na Rais Ruto, ingawa ukisikiliza mabishano ya ndani ya matatu utadhani kabla hajaingia 2022 tulikuwa tunatibiwa kwa shangwe. NHIF ilianzishwa 1966 kwa ajili ya wafanyakazi wa mishahara. Wengine waliruhusiwa kujiunga kwa hiari kuanzia 1972, kama wageni kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Ada za hospitali za umma zilirudishwa Desemba 1989, zikasitishwa 1990 watu walipokoma kwenda hospitali, kisha zikarudi tena kidogo kidogo. Mwaka 2004 ukaja utaratibu wa kulipa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya; wazee wetu wanaukumbuka kwa mapenzi. Mwaka huo huo Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alipitisha Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi, hesabu za fedha zikiwa ndiyo sababu kubwa. Naufikiria mswada ule mara nyingi. Kama ungeanza wakati ule, kwa makosa yake yote, sasa tungekuwa na miaka zaidi ya 20 ya kuyarekebisha.

Juni 2013 wakafuta ada zahanati na vituo vya afya, na kujifungua kukawa bure, baadaye kukahamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Desemba 2018 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais, akazindua majaribio ya afya kwa wote kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Pwani hatukuwamo. Kisha tarehe 19 Oktoba 2023 Ruto akatia sahihi sheria nne kwa siku moja, NHIF ikaandikiwa kifo chake. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria tatu kati yake kuwa kinyume cha Katiba, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba mosi tukaanza. Safari ile ilienda kwa kasi ya matatu ya Bamburi, na abiria wengi hata hawakujua gari limebadilishwa.

Kuna kitu kwenye sheria zile nakipenda, na kinasemwa kidogo sana. Mfuko wa Afya ya Msingi. Zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na levo 3, vinalipwa na kodi, na wewe ukishajisajili hutakiwi kutoa chochote, umelipa ada ya mwaka au hujalipa. Hilo ni jambo kubwa. Mtoto mwenye homa, mama wa pressure anayehitaji vidonge, kidonda, malaria. Magonjwa mengi ya watu wengi yanaishia pale. Laiti nguvu zote zingewekwa huko kwanza. Maana sasa mtu anafika zahanati ya mtaa, anapimwa bure, anaandikiwa karatasi, na anaambiwa dawa hamna, kanunue nje. Kile "nje" ndicho kinachowaua watu. 

Upande wa hospitali za kibinafsi nao una kilio chake, na nimejifunza kutowacheka. NHIF ilikufa ikiwa na madeni. Muungano wa hospitali hizo, RUPHA, unasema ni zaidi ya shilingi bilioni 30. Hospitali kubwa inaweza kuvumilia deni. Kliniki ya nesi mstaafu yenye vitanda sita haiwezi. Februari 2025 RUPHA iliwaambia wanachama wake waanze kudai pesa taslimu. Machi rais akaahidi kwamba wanaodai milioni 10 kwenda chini walipwe, na wanaodai zaidi wakaguliwe kwanza, kwa sababu wako pia waliokuwa wakidai upasuaji wa wagonjwa hewa. Mwezi huo huo Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, akaripoti kwamba mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha haya yote si mali ya serikali. Watu wa mtaani waliichukua ile bilioni 104 wakaiweka kichwani, hawajaitua. Mtu akikataa kulipa, hatakueleza fomula wala mkupuo. Atakuambia, "Zile bilioni mia amezila nani?" Huna la kumjibu.

Na bado nasema tulipe, na sababu yangu ni WhatsApp.

Simu yangu sasa hivi ina makundi ya michango ambayo sithubutu kuyatoka, ningeonekana mtu mbaya. Mnayajua. "Mchango wa matibabu ya Bamkubwa." "Operesheni ya Baba Fulani." Mweka hazina anabandika orodha: jina, kiasi, jina, kiasi, na mwisho "Mola awalipe." Kila anayetoa anainakili orodha, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Wawili wakibandika wakati mmoja, mmoja anafutika, na hapo hamgombani tena kuhusu mgonjwa, mnagombana kuhusu nambari 14 ni nani. Nimeona mtu akijiondoa kwenye kundi la mgonjwa mahututi kwa sababu mia tano yake haikuonekana.

Watu hudhani harambee ni bima ya maskini. Ukiangalia zile orodha utaona vingine. Harambee humpa mwenye watu. Aliyesoma shule nzuri, aliyekuwa na kazi bandarini, mwenye binamu Dubai na Birmingham, huyo orodha yake inajaa kwa siku mbili. Kibarua aliyekuja Mombasa peke yake kutoka Kwale ndani huko, orodha yake inafika jina la sita inasimama. Bili zao zinaweza kuwa sawa. Na harambee huja baadaye, mtu akiwa tayari wodini, siku zikihesabiwa kwa pesa. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuia akina mama hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Uamuzi upo. Hata hivyo, wapo wanaofika dukani kwangu kutoa pesa za M-Pesa haraka haraka kwa sababu mgonjwa ameruhusiwa na daktari lakini hajaruhusiwa na mhasibu.

Ukijumlisha ulichotoa kwenye michango mwaka mmoja, wengi wetu tumeshapita 3,600 mbali sana. Tunalipa bima tayari. Tunailipa kwa kelele, kwa upendeleo, na baada ya madhara.

Basi ningefanya nini? Kwanza ningeondoa mkupuo. Mtu wa jua kali alipe kwa mwezi au kwa wiki kama mwenzake wa mshahara, na akikatiza, akirudi asubiri kidogo kabla ya matibabu makubwa, ili yule bwana wa miezi saba asitushinde akili. M-Pesa inaweza kukata shilingi 10 kwa siku bila mtu kuihisi. Kampuni za kamari zimeweza, bima isishindwe. Pili, ningeacha kuuliza kuhusu paa na kuweka viwango vichache vinavyojulikana, vilivyoandikwa ukutani, ili mtu ajue ada yake kabla ya kuja. Tanzania, kwa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wao wa afya ya jamii, walikuwa na 30,000 za kwao kwa kaya ya watu sita. Bima ile ilikuwa na mapungufu yake tele, lakini bibi yeyote wa Muheza angekutajia bei. Tatu, waajiri. Huko huko Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, mtumishi anachangia asilimia 3 na mwajiri 3. Kwetu mwajiri anakata ya mfanyakazi na kuipeleka, yeye hatoi hata ndururu. Sijawahi kusikia mtu akieleza kwa nini, na hakuna mkutano wa siasa ninaokumbuka waliposhangilia swali hilo.

Chama kimoja cha akina mama hapa nyuma ya duka hakikungoja majibu. Waligeuza mzunguko wao: badala ya kumpa mmoja pesa za sufuria na mapazia, kila mwezi fungu linalipa SHA ya mwaka ya mwanachama mmoja au wawili. Walibishana jioni nzima nani aanze. Mwenye mimba akawekwa wa kwanza, wa pili mwenye kisukari, na wazima wakapelekwa mwisho, jambo ambalo mtaalamu yeyote wa bima angelikunjia uso. Wa mwisho atalipiwa mwakani.

Nikiwaandikia haya bado nina foleni. Ukija kujisajili njoo na kitambulisho chako na simu yenye laini yako mwenyewe, isiwe ya mjomba, kwa sababu ile nambari ya siri inatumwa huko na mjomba hapokei simu mchana. Waliokwisha kupimwa wakaona kiasi hakifanani na maisha yao, msikubali kimya kimya. Ulizeni, ombeni kurudiwa, na mweke ujumbe mliotumiwa. Kusajili natoza shilingi 50. Wazee bure.